Taa ya onyo ikizimwa, gari halijapona



Dukuduku langu naamini ni la wenye magari wengi wa mikoani. Linahusu magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, hasa haya ya miaka ya karibuni ambayo yana kamera, rada na kompyuta za kumsaidia dereva. Gari la namna hiyo likiharibika injini, au mitambo yake ikianza kufunga breki bila kuamriwa, mwenye gari hana mahali pa kupeleka malalamiko yake. Huishia kwa fundi, na fundi naye huishia kuizima taa ya onyo.

Sina nia ya kuyalaani magari hayo. Sisi wa Zombo, wilayani Kilosa, tunayategemea. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari dogo la jirani ndilo linalotafutwa. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma na Kilosa ikawa na kituo, abiria wanaoshuka pale huhitaji usafiri wa kuwafikisha vijijini. Wanaokwenda upande wa Mikumi kushika mabasi ya Mbeya nao huhitaji usafiri. Kwa hiyo gari bovu huku si taabu ya mwenye gari peke yake. Ni taabu ya watu wote waliomo ndani yake, na ya wale wanaokuja nyuma yake.

MITAMBO

Yafaa kwanza nieleze mambo yalivyo, kwa sababu wengi huambiwa tu kwamba gari lina kompyuta, wakaridhika. Mwaka 2008 kampuni ya Subaru ilianza kuuza nchini Japani gari la Legacy lenye kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele. Kamera hizo hutazama barabara kama macho mawili, na gari likikaribia kugonga kitu hulia, kisha hufunga breki lenyewe. Mwaka huo huo Volvo nao walitoa gari lenye mtambo wa kufunga breki katika mwendo wa mjini. Toyota walianza kueneza mitambo yao ya namna hiyo mwaka 2015. Tangu Novemba 2021 serikali ya Japani imelazimisha aina mpya za magari madogo yanayotengenezwa huko yawe na breki za kujifunga.

Wakati huo huo sheria ya Japani humtaka mwenye gari jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama kubwa, na wengi huona ni afadhali kuuza gari na kununua jingine. Magari yanayouzwa hivyo ndiyo yanayopakiwa melini kuja Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Maana yake ni kwamba magari yenye kamera na rada hayako njiani kuja. Yamekwisha fika, na yako Zombo.

Sasa tuangalie yanakuta nini huku. Kamera iliyofungwa nyuma ya kioo hupimwa na kuelekezwa kwa vipimo maalum. Kioo kikipasuliwa na jiwe na kingine kikawekwa, kamera inapaswa kupimwa na kuelekezwa upya. Rada nayo hukaa mbele, nyuma ya bampa au nyuma ya nembo ya gari. Ukifunga ngao ya chuma mbele yake, au tope likaikandika, unakuwa umeifunga kitambaa usoni. Ukilinyanyua gari kwa kuongeza vipande juu ya springi, kama tunavyofanya ili lisikwaruze tumbo kwenye mabonde, macho yake huanza kutazama mahali pengine. Kila moja ya mambo haya tunalifanya kila siku, na hakuna aliyetuambia kuwa yana uhusiano wowote na breki.

Jambo jingine ni lugha. Gari linaposema "kamera haioni" au "peleka gari kwa fundi", hulisema kwa Kijapani, kwa maandishi na kwa sauti. Dereva wetu husikia mtu anasema maneno kwenye spika, hucheka, huongeza redio. Onyo limetolewa, lakini halikufika kwa aliyekusudiwa.

GARI LANGU

Nitatoa mfano wa gari langu mwenyewe, bila kumtaja aliyeniuzia wala aliyelitengeneza, kwa kuwa sipendi kumchafulia mtu jina gazetini. Gari hili nililipata kwa muuzaji mmoja, likiwa safi, na taa zote za onyo zimezimika kama inavyotakiwa. Baada ya wiki chache za barabara ya vumbi, taa ya njano iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika. Siku moja, tukiwa kwenye lami upande wa Mikumi, jua la jioni likiwa usoni, gari lilifunga breki ghafula. Mbele yetu hapakuwa na mnyama, mtu wala gari. Nyuma yetu palikuwa na lori.

Ndugu wasomaji wanaoijua barabara ile watanielewa. Ni barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na inakatisha katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi. Malori yenye makontena hupita usiku na mchana kwenda Zambia na Kongo. Dereva wa lori la tani 30 hawezi kusimama mahali anaposimama gari dogo. Yule aliyekuwa nyuma yetu alifanikiwa kukwepa, tukamshukuru Mungu. Asingekwepa, polisi wangeandika kwamba lori lilikuwa linafuata karibu mno, na habari ingekwisha hapo. Asingeandika mtu hata mmoja kwamba gari dogo lilijifunga breki lenyewe.

Nilipolifikisha gari gereji, fundi kijana alilitazama, akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akasema, "Mzee, hii taa ni mambo ya Wajapani, huku haina kazi. Ngoja nikuzimie." Nikamwuliza, "Kijana wangu, ukiizima, breki nazo zitaacha kujifunga?" Akajibu kwamba hana hakika, ila taa haitaonekana tena. Simlaumu kijana huyo. Alisema kweli, na hicho ndicho alichofundishwa na ndicho kifaa alichonacho. Lakini taa ya onyo ni sawa na mgonjwa anayelia. Ukimziba mdomo hajapona.

INJINI

Kuhusu injini mambo ni hayo hayo. Injini za siku hizi zimefinyangwa ndogo ili zile mafuta kidogo, na oili yake ni nyepesi kuliko ile tuliyoizoea. Gia boksi nyingi za magari madogo ya Japani hutumia mkanda wa chuma badala ya meno ya gia, na oili yake ni ya aina yake peke yake. Fundi akiweka oili yoyote nyekundu anayoikuta dukani, mkanda huanza kuteleza na gia boksi hufa. Rejeta huhitaji maji yenye dawa, nasi huweka maji ya mtoni. Kifaa cha kuongoza joto la injini, ambacho mafundi wengi hukitoa na kukitupa wakidai kwamba injini itapoa zaidi, kimewekwa kwa sababu maalum. Kompyuta ikiona injini haifikii joto lake, huendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli hiyo huweza kuisafisha oili kwenye kuta za silinda.

Lakini si kila injini inayokufa imeuawa na mwenye gari. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke vizuri. Mwaka 2018 kampuni ya Mazda iliyaita yarudi magari yake ya dizeli yapatayo 640,000 duniani kote, kati ya hayo kama 230,000 yakiwa Japani, kwa sababu ya springi za vali. Masizi yaliweza kujikusanya kwenye vali na injini ikazimika. Magari hayo yalitengenezwa kati ya mwaka 2012 na 2018, yaani yale yale ambayo leo yanapendwa na wanunuzi wa Afrika Mashariki. Mwenye gari Hiroshima aliandikiwa barua, akalipeleka gari lake, akatengenezewa bure. Je, gari likiwa liliuzwa kabla barua haijafika, na sasa liko Kilosa, barua hiyo inamfuata nani?

Na injini ikizimika ghafula si jambo dogo. Usukani huwa mzito, na nguvu ya kusaidia breki hubaki ya kukanyaga mara mbili tatu tu. Likikutokea kwenye tambarare utasukuma gari pembeni. Likikutokea kwenye mteremko ukiwa na abiria, ni habari nyingine.

MALALAMIKO YA WENZETU

Wapo watakaosema kwamba kulalamika hakusaidii kitu. Napenda kuwajibu kwa mifano.

Nchini Marekani kuna idara ya serikali ya usalama barabarani ambayo hupokea malalamiko ya mwenye gari yeyote, huyaandika na kuyahesabu. Mwezi Februari 2022 idara hiyo ilifungua uchunguzi juu ya magari ya Honda aina ya Accord na CR-V yapatayo milioni 1.7, kwa sababu ya breki zilizokuwa zikijifunga bila kitu mbele. Uchunguzi huo ulianzishwa na malalamiko 278. Mwezi huo huo ilifungua mwingine juu ya magari ya Tesla yapatayo 416,000, kwa kosa la namna hiyo hiyo. Malalamiko yalikuwa 354. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Katika kila uchunguzi, watu wasiozidi mia nne, kila mmoja akiwa ameandika maneno machache juu ya yaliyompata, waliwafanya wakubwa wa viwanda wajibu maswali kuhusu magari mamia ya maelfu.

Mfano mwingine ni wa injini. Kampuni za Hyundai na Kia za Korea Kusini ziliuza magari ambayo injini zake zilikuwa na vipande vidogo vya chuma vilivyobaki kiwandani. Vipande hivyo viliziba njia za oili, beringi zikakosa oili, injini ikakwama. Hyundai iliyaita magari mwaka 2015, na kampuni zote mbili mwaka 2017, lakini mhandisi mmoja wa Hyundai, Kim Gwang-ho, aliona kwamba ukweli wote haukusemwa, akapeleka nyaraka kwa wakuu wa Marekani mwaka 2016. Mwaka 2020 kampuni hizo mbili zilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210. Mwaka 2021 mhandisi huyo alipewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 24. Huko aliyesema kweli alilipwa. Huku mwenye gari akisema kweli huambiwa hajui kutunza gari.

YALIYOFICHWA KABATINI

Neno hilo, "hujui kutunza gari", limewahi kuua. Katika mwaka 2000 wakaguzi wa serikali ya Japani waliingia katika ofisi za kampuni ya Mitsubishi, wakakuta malalamiko ya wateja yamefichwa. Kampuni ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa na mafungu mawili ya malalamiko, moja la kuonyesha serikalini na jingine la kuweka kabatini. Badala ya kuyaita magari hadharani, iliyatengeneza kimya kimya. Mkuu wa kampuni alijiuzulu mwaka huo.

Watu walidhani somo limekwisha. Mwezi Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi likamgonga mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Mama akafa. Kampuni ilisema wenye malori hawakuyatunza vizuri. Ilipofika mwaka 2004 ikakiri kwamba kosa lilikuwa lake, katika chuma kinachoshika gurudumu. Malori ya Fuso yanafahamika sana hapa kwetu, na sisemi haya ili watu wayaogope. Nasema haya ili tuone kwamba hata katika nchi yenye viwanda na wataalamu, lalamiko lisiloandikwa mahali pa wazi ni kama halikutolewa.

Sasa tujiulize. Wajapani walikuwa na kabati, na siku moja likafunguliwa. Sisi hata kabati hatuna. Malalamiko yetu yanasemwa chini ya mwembe wa gereji, fundi anacheka, mwenye gari anacheka, kila mtu anakwenda zake.

TUNAOMBA NINI

Nchi yetu ina vyombo. Lipo Shirika la Viwango, TBS, ambalo linahusika na ukaguzi wa magari yaliyotumika. Ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Lipo Jeshi la Polisi, kikosi cha usalama barabarani, ambalo hukagua magari na kubandika vibandiko. Vipo vyuo vya VETA na kile Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kwa hiyo sidai kiundwe chombo kipya. Ninachodai ni vyombo hivi vishikane.

Kwanza, magari yanapokaguliwa, namba ya chasisi ichunguzwe kama gari hilo liliwahi kuitwa na kiwanda na kama lilitengenezwa. Kampuni kubwa za Japani zimeweka orodha hizo kwenye intaneti, nawe ukiingiza namba ya chasisi unajibiwa papo hapo. Maandishi ni ya Kijapani, lakini kwa wataalamu wetu hilo si shida. Nchi jirani ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na Uganda tangu mwaka 2018 hairuhusu lililozidi miaka kumi na mitano. Sisi hatukatazi, ila huongeza ushuru gari likiwa kuukuu. Lakini umri peke yake hautoshi. Gari la miaka sita lililoitwa na kiwanda lisiende ni hatari kuliko la miaka kumi na mbili lililotengenezwa.

Pili, muuzaji alazimishwe kumpa mnunuzi karatasi kwa Kiswahili inayoeleza gari lina mitambo gani ya kumsaidia dereva, kila taa ina maana gani, na jinsi ya kuuzima mtambo kwa kitufe chake cha halali pale unapokuwa haufai, kwa mfano kwenye barabara ya tope. Kuuzima kwa kitufe, ukijua unachokifanya, si sawa na kufichwa taa na fundi.

Tatu, Tume ya Ushindani ifungue daftari la malalamiko ya magari, na kila baada ya muda ichapishe hesabu: gari la aina gani, la mwaka gani, limelalamikiwa mara ngapi na kwa kosa gani. Polisi nao, wanapoandika ajali, waulize kama gari lina breki za kujifunga na kama taa ya onyo ilikuwa inawaka.

Nne, mafundi wa wilayani wafundishwe. Kijana anayejua kufungua injini kwa spana kumi na mbili hawezi kushindwa kujifunza kupima kamera. Anachokosa ni mwalimu na vifaa. Kama kifaa ni ghali kwa gereji moja, kiwekwe kimoja wilayani, watu walipie.

DAFTARI LA MWENYE GARI

Wakati tunangoja wahusika, sisi wenye magari tusikae bure. Kila mmoja awe na daftari ndani ya gari. Gari likijifunga breki au injini ikizimika, andika tarehe, mahali, kilometa zilizosomeka, mwendo, hali ya hewa, jua lilikuwa upande gani, na taa ipi iliwaka. Piga picha ya taa kwa simu kabla ya fundi hajaigusa. Andika namba ya chasisi, oili iliyotiwa na siku iliyotiwa. Ukibadili kioo cha mbele au ukifunga ngao, andika pia. Siku utakapoambiwa hujui kutunza gari, utafungua daftari.

Najua wapo watakaosema kwamba anayeona taabu anunue gari jipya. Maneno hayo husemwa na mtu ambaye hajawahi kuuza gunia la mahindi ili anunue tairi. Wananchi wengi hawana uwezo huo, na kutokuwa na uwezo hakumwondolei mtu haki ya kusalimika. Ushuru wa gari kuukuu tunalipa, bima tunalipa, kibandiko tunalipa. Yote tuliyoambiwa tulipe tumelipa.

Namaliza kwa kuwaomba TBS na Tume ya Ushindani watujibu katika ukurasa huu huu: mwenye gari aliyeko Zombo, gari lake likijifunga breki bila sababu, apeleke lalamiko lake wapi, na litaandikwa na nani? Tukipata jibu hilo tutashukuru, na barua zitawafikia.

Mwenye Gari,
Zombo, Kilosa.